Je, kitovuni mwa nyota ya nyutroni kuna kwaki zilizo huru?

Swali: "Assalaamu alaikum mwalimu. Mimi nasoma kidato cha sita, tahasusi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati), hapa Chake Chake. Skuli tumefundishwa kwamba nyota kubwa ikifa hubaki nyota ya nyutroni, na mwalimu wetu akaongeza kuwa ndani kabisa nyutroni huenda zikapasuka zikawa kwaki, yaani zile chembe ndogo zaidi zinazoziunda. Nimetafuta zaidi mtandaoni nikachanganyikiwa. Wengine wanasema nyota za kwaki zimeshapatikana, wengine wanakataa. Kwanza, ikiwa maada ikibanwa vya kutosha hugeuka kuwa kwaki kama barafu inavyogeuka maji, kwa nini wanasayansi hawana uhakika? Pili, hata ikigeuka, mtu atajuaje na hakuna awezaye kufika huko? La tatu ni la mdogo wangu wa miaka kumi. Aliona video inayosema kipande kidogo cha maada hiyo kikianguka duniani, dunia nzima itageuka kuwa kwaki. Tangu siku hiyo halali vizuri. Nimwambie nini? Na mwisho, mtu wa Pemba anaweza kusomea mambo haya?"

Waalaikumu ssalaam, mwanangu. Nitaanza na mdogo wako, maana wewe unaweza kusubiri jibu na yeye hana usingizi.

Mwambie dunia haitageuka. Lakini usimwambie kwa kumnyamazisha tu. Mpe sababu, kwa kuwa mtoto wa miaka kumi huzipima sababu kuliko tunavyodhani. Video hiyo imechanganya mambo mawili yaliyo mbalimbali. La kwanza ni kwaki zinazodhaniwa kuwepo kitovuni mwa nyota ya nyutroni. Hizo, kama zipo, zinashikiliwa katika hali hiyo na shinikizo la nyota nzima iliyozikalia juu. Shinikizo likiondoka, zinarudi kujifunga ndani ya protoni na nyutroni za kawaida. Haziambukizi chochote. La pili ni dhana ya Arnold Bodmer ya mwaka 1971, ambayo Edward Witten aliipa uhai mpya mwaka 1984: kwamba mchanganyiko wa kwaki za aina tatu, za juu, za chini na za ajabu, huenda ukawa imara kuliko hata chuma, na ukabaki hivyo bila kubanwa na kitu. Ni dhana ya watu makini na inastahili kuchunguzwa, lakini mpaka leo hakuna kipande cha maada hiyo kilichowahi kuthibitishwa popote.

Na tuseme dhana ni ya kweli. Mwezi hauna hewa ya kuukinga. Kwa zaidi ya miaka bilioni 4 umekuwa ukipigwa na miale ya kosmiki, ambayo ndani yake mna viini vya chuma na vya elementi nyingine vinavyokuja kwa kasi inayokaribia ya nuru, na baadhi vina nishati inayopita ya mashine zetu zote. Kama mgongano wa namna hiyo ungeweza kuzaa kipande kinachokula kila kinachokigusa, Mwezi ungekuwa umeshaliwa zamani sana. Hoja hii wanafizikia waliiandika kwa kirefu kabla mashine ya RHIC, kule Brookhaven nchini Marekani, haijaanza kugonganisha viini vya dhahabu mwaka 2000. Miaka kumi baadaye mashine ya LHC ya kituo cha CERN, kule Ulaya, ikaanza kugonganisha viini vya risasi kwa nishati kubwa zaidi, na hakuna kilichogeuka. Zaidi ya hapo, mahesabu mengi yanaonesha kwamba vipande vidogo vya maada ya ajabu vingekuwa na chaji chanya, kwa hiyo vingesukumana na viini vya atomi badala ya kuvivuta.

Mtoe nje usiku wenye mbalamwezi umweleze hayo. Ikiwa baada ya wiki mbili tatu bado hapati usingizi, au ameanza kukataa kwenda skuli, waambieni wazee na mumpeleke hospitali akaongee na daktari uso kwa uso. Hofu ya mtoto mara nyingi ina mizizi mingine ambayo fizikia haiifikii.

Sasa tuje kwako. Umesema maada ikibanwa vya kutosha hugeuka kuwa kwaki, kama barafu inavyogeuka maji. Nusu ya kwanza ya sentensi yako ina msingi mzuri. Nusu ya pili ndiyo ambayo dunia nzima bado inaitafuta.

Msingi wenyewe ni huu. Mwaka 1964 Murray Gell-Mann na George Zweig, kila mmoja kwa njia yake, walipendekeza kwamba protoni na nyutroni zimeundwa kwa kwaki. Mwaka 1973 David Gross, Frank Wilczek na David Politzer wakaonesha jambo lililowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2004: kani inayozifunga kwaki hudhoofika kadiri zinavyokaribiana. Mwaka 1975 John Collins na Malcolm Perry wakatoa hitimisho lililokuwa linangoja kutolewa, kwamba maada iliyosongamana sana lazima ifike mahali kwaki zisiwe tena za nyutroni hii au ile. Angalia kwamba hakuna kinachopasuka hapo. Ni mipaka kati ya nyutroni moja na jirani yake inayopotea.

Unaweza kuifanya hesabu hii mwenyewe. Nusu kipenyo ya protoni ni kama femtometa 0.84 (femtometa ni sehemu moja ya trilioni ya milimita), na nyutroni haipishani nayo sana. Ukiichukulia kuwa ni tufe, ujazo wake ni kama femtometa za ujazo 2.5. Katika kiini cha atomi cha kawaida kuna protoni na nyutroni 0.16 kwa kila femtometa moja ya ujazo, msongamano ambao tayari ni tani milioni 270 kwa sentimita moja ya ujazo. Uzidishe mara mbili na nusu tu, na matufe hayo yameshajaza nafasi yote. Kitovu cha nyota nzito ya nyutroni kinakadiriwa kupita hapo. Ndiyo maana mwalimu wako ana haki kabisa ya kuzitaja kwaki darasani.

Tatizo linaanzia kwenye namna mabadiliko yanavyotokea. Barafu ukiipasha moto husubiri mpaka sifuri, na hapo joto lote unalotia linakwenda kuiyeyusha huku kipimajoto kimesimama palepale. Samli haifanyi hivyo. Inalainika taratibu, kutoka ngumu hadi laini hadi ya kumiminika, na hakuna nyuzi moja utakayoionesha kwa kidole ukasema ilibadilika hapa. Maada ya nyuklia inafuata ipi kati ya njia hizi mbili?

Upande wa joto jibu lipo. Mahesabu ya kompyuta yanayoigawa nafasi na wakati katika gridi yalionesha wazi mwaka 2006 kwamba pale ambapo maada na kinyume chake viko karibu sawa, kama ilivyokuwa ulimwengu ulipokuwa mchanga kabisa, mabadiliko ni ya samli. Hutokea kwenye joto la kama nyuzi trilioni 1.8, bila mruko wowote. Nyota ya nyutroni ni kinyume cha hali hiyo. Kwa kipimo cha kani hizi nyota hiyo ni baridi. Ndani yake kuna nyuzi kama milioni 100 hivi, ambazo si kitu mbele ya trilioni, lakini msongamano wake ni mkubwa kupita kiasi. Mbinu ileile ya kompyuta ikipelekwa huko inashindwa, kwa sababu namba zinazojumlishwa zinakuja na alama chanya na hasi zinazofutana karibu zote, na kazi ya kupata kile kidogo kinachobaki inakua haraka kuliko uwezo wa mashine yoyote. Kuongeza kompyuta hakutoshi. Inahitajika mbinu mpya, na anayeipata atakuwa amefungua mlango mkubwa.

Kwa hiyo milinganyo tunayo, ila huko hatujui kuitatua. Kutoka chini, nadharia ya nyuklia inaaminika mpaka kama mara mbili ya msongamano wa kiini. Kutoka juu, mahesabu ya kwaki zilizo karibu huru yanaanza kuaminika kwenye kama mara 40. Nyota za nyutroni zinaishi katikati, mahali ambapo hatuna daraja kutoka upande wowote. Ukisoma mahali mtu anakwambia kwa uhakika kilichomo ndani ya nyota hizo, jiulize daraja hilo amelijengaje.

Swali lako la pili ndilo linalonifurahisha zaidi, kwa kuwa jibu lake ni zuri ajabu: nyota yenyewe hutoa ushahidi kwa uzito wake na upana wake.

Nyota haiporomoki kwa sababu kila tabaka linabeba yaliyo juu yake. Mwaka 1939 Robert Oppenheimer na George Volkoff, wakitumia milinganyo inayohusishwa pia na Richard Tolman, walihesabu nyota iliyojaa nyutroni zisizosukumana zenyewe kwa zenyewe, zinazosimama kwa kanuni ya Pauli peke yake, ile inayozikataza nyutroni mbili kukaa katika hali moja. Walipata kwamba haiwezi kupita tungamo la 0.7 la Jua. Vitabu vingi vya skuli bado vinasema ni kanuni ya Pauli inayoishikilia nyota ya nyutroni, na hilo halitoshi. Nyota za nyutroni nyingi zilizopimwa zina tungamo kama 1.4 la Jua. Mwaka 2010 darubini ya redio ya Green Bank huko Marekani ilitumiwa kupima pulsa, yaani nyota ya nyutroni inayozunguka na kututumia mapigo ya redio, iitwayo J1614-2230 na kuikuta karibu na mara mbili ya Jua. Nyingine, J0740+6620, imepimwa kuwa kama 2.08. Kinachozibeba ni kani ya nyuklia yenyewe, ambayo umbali ukiwa mdogo sana husukuma badala ya kuvuta. Maada ya huko ndani ni ngumu kubanwa.

Sasa weka mabadiliko ya aina ya barafu ndani ya nyota kama hiyo. Msongamano unaruka ghafla wakati shinikizo halijapanda. Kwa nyota hiyo ni hasara tupu: uzito umeongezeka kitovuni, nguvu ya kuubeba haikuongezeka. Mruko ukiwa mdogo, nyota inasinyaa kidogo na kuendelea. Ukiwa mkubwa, inaporomoka. Wakati mwingine itaishia kuwa shimo jeusi, na katika baadhi ya nadharia itatua katika umbo dogo zaidi lililo imara, hata tukawa na nyota pacha, zenye tungamo moja na upana tofauti. Pacha hao wakipatikana siku moja, mjadala wa barafu au samli utakwisha. Bado hawajapatikana.

Baada ya mwaka 2010 baadhi ya watu walisema nyota zenye tungamo la Jua mara mbili zimeziua kwaki. Sikubaliani nao. Ziliua nadharia zile ambazo kwaki ndani yake ni laini mno. Kwaki nazo zinaweza kusukumana, na maada yao ikawa ngumu vya kutosha kuubeba uzito huo.

Upana ni mgumu zaidi kupima, na hapo ndipo miaka ya karibuni imeleta neema. Chombo kiitwacho NICER kilipelekwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2017. Kinapokea miale ya eksirei kutoka mabaka ya moto yaliyo juu ya nyota inayozunguka. Uvutano wa nyota unapinda nuru kiasi kwamba tunaona hata sehemu ya mgongo wake, na kiasi cha kupinda kinatueleza upana. Kwa J0030+0451, yenye tungamo kama 1.4, jibu la mwaka 2019 lilikuwa nusu kipenyo ya kama kilomita 13. Kwa ile nzito ya J0740+6620, timu mbili zilitoa mwaka 2021 kilomita 12.4 na 13.7, kila moja ikiwa na shaka ya kilomita moja na zaidi. Ukitaka kuipima kwa macho ya kwetu, nyota hiyo ukiilaza juu ya Pemba ingefunika upana wote wa kisiwa bila kufika nusu ya urefu wake, na ndani yake kuna Jua mbili.

Sasa zilinganishe hizo mbili. Moja ina tungamo mara moja na nusu ya mwenzake, na upana wao haupishani sana. Kama kati ya tungamo hizo kungekuwa na mruko mkubwa wa barafu, ile nzito tungeikuta imesinyaa waziwazi. Haikusinyaa. Hili halikatai mruko mdogo, wala halikatai mruko unaokuja mapema au kuchelewa zaidi ya hapo, lakini limepunguza sana nafasi ya dhana kali.

Shahidi mwingine alikuja tarehe 17 Agosti 2017, mitambo ya LIGO na Virgo iliponasa mawimbi ya graviti ya nyota mbili za nyutroni zikigongana umbali wa kama miaka ya nuru milioni 130. Kabla hazijagusana kila moja iliivuta mwenzake na kuiharibu umbo, jinsi Mwezi unavyovuta bahari yetu ikajaa na kupwa. Umbo liliharibika kidogo tu, dalili ya nyota zenye nusu kipenyo ya karibu kilomita 12. Kilichonisikitisha ni kwamba mlio wa baada ya mgongano haukunaswa, kwa sababu masafa yake, ya hezi elfu mbili na kupanda, ni ya juu mno kwa mitambo ya sasa. Ni hapo hasa, pale nyota mbili zimekuwa moja, imepashwa moto na kubanwa zaidi, ambapo kugeuka kuwa kwaki kungeupandisha mlio kwa namna inayopimika. Wazungu wanapanga mtambo mkubwa zaidi uitwao Einstein Telescope kwa kazi za aina hiyo, na utakapokuwa tayari wewe utakuwa umeshamaliza masomo.

Ukiniuliza mimi naelemea wapi, nitasema: katika nyota za kawaida za tungamo 1.4 sitarajii kwaki huru, na katika zile nzito kabisa naona inawezekana sana zipo, zikiwa zimeingia kwa njia ya samli. Timu iliyoongozwa kutoka Helsinki ilitetea jambo la karibu na hilo mwaka 2020. Lakini mabadiliko ya samli yana ubaya mmoja. Nyota yenye kitovu cha kwaki inaweza kuwa na tungamo na upana uleule wa nyota ya nyutroni tupu, na vipimo hivyo viwili visiweze kuzitofautisha. Inabidi kutafuta ushahidi wa pembeni. Mmoja ni kasi ya nyota kupoa, kwa kuwa kwaki huru hupoteza joto haraka kwa kutoa nyutrino, chembe nyepesi mno zinazopenya karibu kila kitu, isipokuwa zikijipanga wawiliwawili katika hali inayofanana na upitishaji umeme bila ukinzani, na hapo mambo yanabadilika tena. Mwingine ni mishtuko ya mzunguko. Kati ya Suheli na Msalaba wa Kusini, sehemu ya anga ambayo kwetu huonekana vizuri jioni za mwezi wa Machi, ipo pulsa ya Vela, isiyoonekana kwa macho. Inazunguka kama mara 11 kwa sekunde, na tangu mwaka 1969 inajulikana kuwa kila baada ya miaka michache huongeza kasi ghafla. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ndani yake mna nyutroni zinazotiririka bila msuguano, nayo ni hali nyingine ya maada ambayo maabara haiwezi kuitengeneza kwa msongamano huo.

Kuhusu nyota za kwaki zilizopatikana: unachokisoma mtandaoni huenda kinatokana na tangazo la mwaka 2002 kuhusu nyota RX J1856.5-3754, iliyosemekana kuwa ndogo mno kuwa ya nyutroni. Vipimo vya umbali vilirekebishwa, uso wake ukaeleweka vizuri zaidi, na udogo ule ukatoweka. Kurasa za zamani zimebaki.

Na kusomea? Ndiyo, na PCM ndiyo njia. Afrika Kusini, katika jangwa la Karoo, kuna MeerKAT, antena 64 zinazofanya kazi pamoja, na kupima pulsa ni moja ya kazi zake kubwa. Ipo pia skuli ya Kiafrika ya fizikia ya msingi, ASP, inayozunguka nchi za bara hili tangu mwaka 2010 na kupokea wanafunzi wa vyuo. Digrii ya kwanza unaweza kuisoma bila kuvuka mipaka ya nchi. Hisabati usiiachie hata wiki moja, na jifunze kuandika programu mapema.

Kuna zoezi ningependa ulifanye kabla ya mitihani kukubana. Tafuta milinganyo ya Tolman, Oppenheimer na Volkoff, uiandike katika Python, uipe nyutroni zisizosukumana, uanzie kitovuni na kupanda tabaka kwa tabaka mpaka shinikizo liishe. Badilisha msongamano wa kitovu, uchore tungamo dhidi ya nusu kipenyo. Ukipata kilele kwenye 0.7, umerudia kazi ya mwaka 1939 kwa kompyuta ya mkononi. Kisha tia mruko wa msongamano mahali unapotaka, na utaona mwenyewe mchoro unavyovunjika. Ukikwama, na kuna hatua moja ya vizio ambayo hukwamisha wengi, usikae na skrini peke yako usiku kucha. Chukua daftari lako umwendee mwalimu wako wa fizikia, na ukija Unguja fika SUZA pale Tunguu, au ukivuka bahari, Idara ya Fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtu anayeona mstari wako ulipokosea atakusaidia kwa nusu saa kuliko mimi kwa barua kumi.